Pikapu Iliyokunywa Mto

Sogeeni, wenye masikio. Aliyeacha uji jikoni akaukoroge kwanza, kwa sababu hadithi yangu haipendi kukatizwa na harufu ya kitu kinachoungua. Leo sina sungura wala fisi, na mfalme mwenye binti mrembo amesafiri. Nina pikapu ya dizeli iliyokunywa mto ikafa. Msicheke. Mwishoni nina swali, na atakayecheka sasa ndiye nitakayemwanzia.

Ng'ambo ya mto Msolwe kuna senta ndogo iitwayo Libata. Ina nyumba kumi na tisa, mashine moja ya kukamua alizeti, na matope ya kutosha wilaya nzima. Hapo waliishi watu watatu, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni fundi Gaitani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho, na watu walikwisha acha kumpelekea kazi. Walisema, nani ampe kipofu injini yake? Lakini masikio ya mtu yule! Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini wake sikioni, kisha anakwambia injini yako inaumwa wapi, tangu lini, na nani aliyeigusa mara ya mwisho akaiharibu.

Wa pili ni mzee Kasiani, mshona viatu. Polio iliuchukua mguu wake wa kushoto angali mtoto, na tangu hapo alitembea kwa gango la chuma lililofungwa pajani na gotini kwa mkanda mrefu wa ngozi. Mkanda ule aliukata mwenyewe, na kwa miaka kumi na miwili aliupaka mafuta kila Jumapili. Ngozi ikifika mikononi mwa Kasiani ilitii.

Wa tatu ni Bi Sikudhani, mkamuaji wa alizeti. Mafuta yake aliyachuja kwa kitambaa mara tatu, mpaka ungeweza kusoma barua nyuma ya chupa. Wiki ile alikuwa na dumu moja tu la lita ishirini, na lilikuwa na kazi yake: Jumamosi ilikuwa arobaini ya marehemu mama yake, na wageni wa mbali walikwisha anza kufika.

Upande wa huku wa mto, katika kijiji cha Mhola, aliishi Kresensia. Yeye sikumtajia kipaji, na mwenyewe angekwambia hana. Alikuwa mjane mwenye mambo mawili tu duniani: binti wa miaka saba aitwaye Digna, na mtamba mwenye mimba aitwaye Sikitu, ambaye marehemu mumewe alimwacha zizini kabla hata hajapandwa. Huyo binti na huyo ng'ombe ndio hadithi yenyewe.

Ijumaa moja ya masika, jua halijapanda vizuri, Digna alikuwa shambani akiamia ndege wasile mpunga. Akaruka tuta, akakanyaga kifutu. Mnamjua kifutu. Nyoka mvivu, mnene, hakimbii mtu. Akamuuma kwenye kisigino na kubaki palepale, kana kwamba aliyekosewa ni yeye.

Kresensia alimbeba mpaka zahanati mbio, kanga imemdondoka njiani. Muuguzi akamlaza mtoto, akanyoosha mguu, akatoa kalamu ya wino mfukoni na kuchora mstari pale uvimbe ulipofika, juu kidogo ya kifundo. Pembeni akaandika saa.

"Dawa ya sumu hii hapa hatuna," akasema. "Iko hospitali ya wilaya. Mpeleke leo, mama Digna, si kesho. Chukua kalamu hii. Uvimbe ukipita mstari, chora mwingine."

"Na ukifika juu kabisa?"

Muuguzi alijifanya anatafuta pamba.

Gari lililoweza kupita njia ile wakati wa masika lilikuwa moja, pikapu ya chama cha wakulima, na dereva wake alikuwa Otmari. Kijana wa watu, mpole, tena anayeijua barabara. Akawapakia mama na mwana kiti cha mbele bila kuuliza neno, wakaondoka.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwenye kivuko cha Msolwe hakuna daraja. Kuna desturi. Wenyewe husema: mguu kwanza, gurudumu baadaye. Dereva, awe nani, huvua viatu, hukunja suruali, huingia majini na fimbo na kutembea mpaka ng'ambo. Maji yakimpita mkanda, anarudi, anakaa ukingoni na kungoja. Diwani mmoja alishangojea siku mbili pale, akila mihogo ya kuchoma kama sisi, na suti yake.

Otmari akasimamisha gari, akaanza kufungua kamba za viatu.

Kresensia alimtazama. Aliona zile kamba, fundo la kwanza, fundo la pili, na vidole vya Otmari vikifanya kazi taratibu kama vya mtu anayejiandaa kulala. Kitu kikamkatika moyoni.

"Otmari! Unavua viatu na mwanangu anakufa?"

"Dada, lazima nipime maji."

"Pita! Jana umepita hapa! Pita tu, nakuomba, pita!"

Otmari akamtazama mtoto. Akafunga kamba zake, akatia gia.

Jana alipita, kweli. Lakini usiku ule mvua ilinyesha milimani, na mto ulikuwa umekula shimo katikati ya kivuko. Pua ya pikapu ikazama. Maji yakapanda juu ya boneti, yakaingia pale injini inapovutia pumzi. Ikakohoa mara moja, ikanyamaza. Ukimya ule Kresensia anausikia mpaka leo.

"Washa!" akapiga kelele. "Washa tena!"

Otmari akazungusha ufunguo. Ikalia ka! kama shoka lililogonga jiwe. Akazungusha tena. Ka! Mara ya tatu haikulia chochote, ilisukasuka tu.

Watu wa Libata waliona. Wakaja na maksai wanne wa kulimia na mnyororo, wakaivuta pikapu mpaka upande wao, maji yakimwagika milangoni. Digna alikuwa amelala mapajani mwa mama yake, midomo imekauka, akiuliza kama wamefika. Kresensia akachora mstari wa pili, katikati ya kifundo na goti.

Mtaniuliza, njia nyingine hakuna? Nami nauliza hivyo kila ninapoisimulia. Simu hazikushika, mnara ulikuwa umezimika tangu Jumatano. Pikipiki moja ilijaribu, ikarudi imebebwa na mwenye nayo. Mbele kulikuwa na kilomita thelathini na nane za matope meusi, na wabebaji wa machela wangetumia siku mbili. Mtoto hakuwa na siku mbili.

Hapo ndipo Kresensia alipopiga magoti mbele ya watu wote, akasema maneno ambayo bado yanamtesa.

"Atakayelifanya gari hili liondoke hapa, ng'ombe wangu Sikitu ni wake. Mzima, na mimba yake. Simgawi, simchinji, simbadilishi. Mungu ananisikia na mto huu unanisikia."

Mfa maji hukamata maji. Mtu aliyekata tamaa haangalii anasema mmoja au wengi. Yeye alisema "atakayelifanya". Shikeni neno hilo, tutalirudia.

Walimleta Gaitani ameshikwa mkono. Akaligusa gari, akalizunguka, akanusa.

"Lilizima likiwa majini?"

"Ndiyo, fundi," Otmari akajibu.

"Ukawasha tena?"

Otmari akainama kutazama viatu vyake.

"Bwana mdogo, nimekuuliza."

"Mara tatu."

Gaitani akashusha pumzi. "Hewa ukiibana inakubali. Maji hayakubali kubanwa. Pistoni ilipanda, ikayakuta maji juu, hayakuwa na pa kwenda. Kitu lazima kipinde, na maji hayapindi, kwa hiyo kinapinda chuma. Ungeliacha limezima, leo tungemwaga maji tu na kuwaaga."

"Mimi ndiye niliyemwambia awashe," Kresensia akasema.

Gaitani akamgeuzia yale macho yenye ukungu. "Basi mlikuwa wawili."

Kresensia angependelea kutukanwa.

Fundi akaagiza zifunguliwe plagi nne za kupashia moto, kisha akamwambia Otmari azungushe injini. Maji yakaruka kwenye matundu mpaka kwenye paa la duka. Halafu akaomba kimya. Senta nzima ikanyamaza, hata mwenye redio akaizima. Gaitani akatia spana, akaizungusha injini kwa mkono, polepole, bisibisi sikioni. Akazungusha, akasikiliza. Akahama kidogo, akazungusha tena.

"Pistoni ya tatu," akasema. "Mkono wake umepinda. Haipandi mpaka juu. Tukiwasha hivi hivi itapasua injini yote."

"Kwa hiyo imekwisha?" Kresensia akauliza.

"Sijasema imekwisha. Zipo nne. Tutaitoa iliyoumia, tatu zilizobaki zitatufikisha kwa kunung'unika."

Tutaitoa iliyoumia. Kresensia akautazama mguu wa mwanawe, akaufunika kwa kanga asiuone.

Kazi ile ilichukua zaidi ya saa tatu. Gaitani alilala chini ya gari kwenye tope, Otmari akawa macho yake: nati iko wapi, bomba linapita wapi. Wakafungua chini, wakafungua juu. Gasketi waliibandua kwa wembe, kidogo kidogo, kwani ikichanika hapakuwa na nyingine. Bomba la dizeli la silinda ya tatu akalielekeza kwenye chupa ya maji ili lisimwagie ndani. Hatimaye akaitoa pistoni na mkono wake, akampa Kresensia aishike. Chuma kinene kama kifundo cha mtu, kimepinda kama kidole cha bibi. Akaelewa kwamba ni sauti yake iliyokipinda.

Akachora mstari wa tatu, chini tu ya goti.

"Sasa tufunge," Otmari akasema.

"Hatufungi," Gaitani akajibu. "Pale ulipong'olewa ule mkono pana tundu linalotoa mafuta ya kulainisha. Likibaki wazi, mafuta yote yatavujia hapo, na hizo tatu zitakufa kwa kiu kabla hatujapita lile duka."

Wakaleta kipande cha tyubu. Akakivuta, akakirudisha: kitayeyuka. Wakaleta turubai. Litachanika. "Nataka ngozi," akasema. "Nyembamba, ngumu, iliyokunywa mafuta miaka mingi. Mpya itavimba."

Mzee Kasiani alikuwa ameketi barazani kwake, msumari mdomoni, akisikiliza. Kwenye kamba alikuwa na ngozi za makubadhi, zote mpya. Akazitazama. Kisha akainama akatazama mguu wake, akautema msumari, akaanza kufungua mkanda wa gango.

"Baba, shikamoo," Kresensia akasema, akimkimbilia. "Utatembeaje?"

"Marahaba. Mimi leo sina safari, mwanangu. Mwenye safari ni yule."

Akaupunguza unene kwa kisu, akiupima kwa kidole gumba. Akaukata kwa kipimo ambacho Gaitani alimwonyesha kwa vidole. Lakini nani wa kuufunga? Fundi haoni, na Otmari hakuwahi kushika sindano. Basi Kasiani akajiburuta kwa makalio kwenye tope, mguu ukimfuata nyuma kama mzigo wa mtu mwingine, akaingia chini ya gari. Akauzungusha mkanda mara mbili, akaukaza, akaushona mle mle kwa uzi uliopakwa nta, mishono kumi na mmoja, na Gaitani akaubana kwa klipu mbili za chuma. Alipotoka, watu wawili walimbeba kumrudisha barazani. Tangu utotoni hakuwahi kubebwa mbele ya watu, na uso wake ulionyesha.

Mstari wa nne ulipita goti.

Wakafunga chini, wakafunga juu. Ndipo Otmari akaleta lile karai walilomwagia mafuta ya injini. Yalikuwa meupe, yamechanganyika na mto, mfano wa chai ya maziwa.

"Haya hayafai hata kupaka mlango," Gaitani akasema. "Leteni mapya."

Mwenye duka akatikisa kichwa. Lori halijafika wiki mbili. Walizunguka nyumba zote kumi na tisa wakapata kibaba kisichofika nusu lita. Gari lilikuwa limekamilika, halina tone.

Hapo Kresensia hakulia. Alikwisha maliza kulia. Alimfunga Digna mgongoni kwa kanga, mguu uliovimba ukining'inia upande, akaanza kutembea kuelekea wilayani. Hatua ya tano tope lilimfika kwenye muundi. Akaendelea.

Bi Sikudhani alikuwa mlangoni kwake akipepeta mchele wa arobaini. Akamwita.

"Mdogo wangu, unakwenda wapi?"

"Wilayani."

"Kwa miguu?"

"Nikikaa atakufa namtazama, dada. Bora afe natembea."

Ungo ukaanguka. Sikudhani akamshika mkono, akamrudisha mpaka kwenye gari, akasimama kando ya miguu ya Gaitani iliyochomoza chini ya gari. "Fundi, alizeti inafaa?"

Fundi akatoka taratibu. Alifikiri. "Kwa safari moja inafaa. Baada ya hapo itaganda kama gundi. Lakini iwe safi, isiwe na hata chembe."

"Ya kwangu huijui?"

Wifi yake akamfuata mbio. "Sikudhani! Na arobaini ya mama? Wageni watakula nini kesho?"

"Mama yangu tulimbeba kwa machela barabara hii hii," Sikudhani akasema, "akatufia mikononi kabla ya nusu ya njia. Unadhani yeye ndiye atakayeninung'unikia kwa maandazi?"

Akalileta dumu. Pamoja na kwamba alikuwa amekwisha yachuja mara tatu, aliyachuja mafuta mara ya nne, mbele ya watu wote, kwa mtandio wake mwenyewe. Nusu ikasuuza injini ikamwagwa, nusu ikamiminwa.

Saa tisa alasiri Otmari akaketi kwenye usukani. Akaushika ufunguo, akauachia. Akaushika tena. Mkono ule ndio uliovunja mara ya kwanza, na sasa ulikuwa umekataa.

Kresensia akamwekea kiganja begani. "Ngoja ukitaka kungoja, Otmari. Mimi nimekoma kukuharakisha."

Otmari akazungusha.

Ikakohoa. Ikatoa moshi mweupe. Ikakohoa tena, ikashika, ikatetemeka yote kama mgonjwa wa homa, kwa sauti ya kuchechemea, tatu na pengo, tatu na pengo. Moshi ukaenea senta nzima ukinukia mapishi. Digna akafumbua macho kidogo.

"Mama," akasema, "nani anakaanga?"

Kilomita thelathini na nane kwa mwendo wa mzee anayetoka msibani. Otmari hakupandisha gia ya tatu hata mara moja. Kila dimbwi alisimama, akavua viatu, akaingia kwa mguu, na Kresensia akakaa kimya, ameuma kona ya kanga. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya kuliko ule ukimya. Mstari wa tano aliuchora katikati ya paja, bila kuandika saa. Waliingia lango la hospitali jua likizama.

Digna alipona. Vidole viwili vya mguu vilikatwa, na kisigino kitamuuma kila masika. Lakini alipona, na siku ya kumi na tisa alitoka akitembea. Pikapu nayo haikuwaka tena. Alizeti iliganda ndani kama fundi alivyosema, na mpaka leo iko nyuma ya jengo la hospitali, kuku wanatagia humo.

Hapa mngetaka nimalizie. Nami ningetaka.

Kurudi kwao walipita Libata. Kresensia akapiga magoti, akashukuru mmoja mmoja, akasema, "Ahadi yangu naikumbuka. Sikitu ni wa nani?" Alidhani watacheka, wamwambie nenda nyumbani, mama. Hawakucheka. Si kwamba ni watu wabaya. Kila mmoja alikuwa amebaki na jeraha lake.

Gaitani alikuwa wa kwanza. "Ngozi ipo kila mahali, na mafuta yapo kila jiko. Bila mimi kuisikia ile ya tatu, mngemimina alizeti kwenye maiti. Daktari wa macho anakuja mjini baada ya mavuno, na hatibu bure. Miaka minne mnaniita kipofu. Siku mliyonihitaji, mbona sikuwa kipofu?"

Kasiani alikuwa ameegemea magongo mawili ya mti, kwapa zimechubuka. "Fundi alitumia mikono yake na amerudi nayo nyumbani. Mguu wangu mimi uko ndani ya injini ile, umefungwa na kuoza. Mkanda mwingine wa namna ile ni miaka kumi na miwili ya Jumapili, na mimi nina sabini. Kila nikienda msalani naitiwa mtu anibebe."

Sikudhani alisema mwisho, kwa sauti ndogo. "Ninyi mlikuwa mmemaliza mambo yenu, na mama huyu alikuwa anaondoka kwa miguu. Wageni wangu walikula wali mkavu. Shangazi zangu wamerudi kwao wakisema nimemzika mama kama mbwa. Ng'ombe yule angenifanyia arobaini nyingine, wote wakaja, wote wakala."

"Na Otmari je?" mtu akauliza pembeni. "Si ndiye aliyeendesha?"

"Mimi msinihesabu," Otmari akasema. "Aliyevunja chungu hadai mchuzi."

Kresensia akajaribu. Akasema auzwe, wagawane sawa. Wote watatu wakakataa kwa pamoja, na hilo ndilo jambo pekee walilokubaliana. "Ulisema simgawi," Kasiani akamkumbusha. "Ulisema mbele ya mto, na bado unauvuka."

"Figa moja haliinjiki chungu," Kresensia akawaomba. "Mlikuwa mafiga matatu, wazee wangu. Niteueje figa?"

"Kweli," Sikudhani akajibu. "Lakini chungu kikiiva, anayeepua ni mmoja."

Wakaamua Sikitu asubiri mto upungue, maana ng'ombe mwenye mimba haogeleshwi. Maji yakishuka, Kresensia atamleta mwenyewe na kumkabidhi yule atakayeamua moyoni kuwa anastahili.

Miezi miwili imepita. Sikitu amezaa ndama jike, mwenye doa jeupe kwenye paji la uso. Watu wa Mhola walishangilia: sasa wako wawili! Kresensia akahesabu, akarudia kuhesabu. Aliahidi na mimba yake, kwa hiyo mama na ndama bado ni zawadi moja, na wanaoingoja bado ni watatu. Tangu siku ile maziwa hayajaingia nyumbani kwake. Digna huomba, naye humwambia ngoja, ng'ombe huyu si wetu. Mtoto huuliza ni wa nani, na mama yake huenda kuchota maji ambayo hayahitajiki.

Jana Kresensia alishuka kivukoni. Akavua ndala, akakunja kanga, akaingia na fimbo kama inavyotakiwa. Maji hayakumfika magotini.

Leo asubuhi amevuka. Yuko pale Libata sasa hivi, amesimama katikati ya nyumba kumi na tisa. Kulia, Gaitani ametega sikio. Kushoto, Kasiani yuko kwenye magongo yake. Mbele, Sikudhani amesimama mlangoni, mtandio wake una doa la mafuta lisilotoka. Nyuma yake Digna anachechemea, ameshika mkia wa ndama. Kamba ya ng'ombe ina ncha mbili: moja iko shingoni mwa Sikitu, ya pili iko mkononi mwa Kresensia, na mkono umeanza kuchoka.

Mimi nimemvusha mto, zaidi ya hapo sina uwezo. Wewe uliyecheka mwanzoni, simama. Kamba hii, amkabidhi nani?